Dai la Tatu la Fundi Swaleh

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Thika nikiwa na viatu vya kisigino kirefu, na kabla ya saa sita mchana Afisa wa Viwanda wa Wilaya alikuwa ameshanifanya nijute kuvivaa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa waya kwenye sikio moja. Alisoma barua yangu ya kuajiriwa mara mbili, akaikunja, akanirudishia.

"Umesomea mitambo chuo kikuu?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi hapa utateseka. Ofisini hakuna mitambo. Mitambo iko huko nje kwa watu, na hao watu hawaji hapa, wanadhani sisi ni watu wa kodi. Toka uwatafute."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya serikali, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitembea kutoka banda hadi banda na daftari mkononi. Ninyi mnaosoma leo mnaijua Thika ya barabara pana na maduka ya ghorofa. Ile yangu ilinuka ngozi mbichi kutoka viwandani asubuhi, na mananasi jioni upepo ulipogeuka. King'ora cha kiwanda cha nguo kilitupa saa. Mafundi walikuwa kila mahali: wa makarai, wa majiko, wa vitanda, wa milango ya chuma. Kazi yangu ilikuwa kuandika ni nani anatengeneza nini, kuwafundisha vipimo, na kuwaeleza juu ya sheria ya hataza, ambayo ilikuwa mpya nchini.

Hataza, au patenti kama wengi walivyoiita, ni mapatano kati ya serikali na mvumbuzi. Mvumbuzi anaiweka siri yake wazi, inachapishwa, yeyote anaweza kuisoma. Serikali nayo inamwahidi kwamba kwa miaka kadhaa hakuna mwingine atakayeitengeneza bila ruhusa yake. Niliyasema maneno hayo mara nyingi sana mpaka nikayakariri. Sehemu ambayo sikuisisitiza ni hii: siri ikishatolewa hairudi, hata kama hataza haikupatikana.

Fundi Swaleh nilimkuta nyuma ya mtaa wa Majengo, katika banda la mabati lililobanana na la muuza makaa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mwembamba, penseli ameichomeka chini ya kofia. Babu yake alikuwa Myao aliyekuja kutoka kusini akafia Thika, mama yake Mkikuyu wa Gatundu, na yeye alichanganya lugha zote za ukoo wake bila kujali nani anasikiliza. Siku ile alikuwa akitengeneza kabati za dawa za kliniki moja ya uzazi kule Ruiru.

"Hizi kabati zimenisumbua, madam," aliniambia. "Zile za kwanza Sista mkuu wa huko alinirudishia. Aliniambia, 'Fundi, droo zako zinaamsha watoto wangu.' Ati nesi akifunga droo, pah! Wadi nzima inalia."

"Sasa umefanyaje?"

Aliivuta droo ya juu mpaka mwisho, akaisukuma kwa nguvu kama mtu aliyekasirika. Nilikunja uso nikingoja kishindo. Droo ilikimbia kwenye reli zake, na ilipobakiza kama upana wa mkono ikapunguza mwendo yenyewe, ikatoa pumzi ndefu kama mtu anayekaa chini baada ya kuchoka, ikafunga bila sauti.

"Vuta sasa wewe," alisema.

Niliivuta kwa kidole kimoja. Ilikuja nyepesi, kama vile hakuna kitu kilichoishika. Nilicheka kwa mshangao, naye akacheka kwa kuniona nikicheka.

Alinionyesha. Kando ya reli alikuwa amefunga silinda fupi iliyokatwa kutoka pampu ya baiskeli. Ndani yake kulikuwa na pistoni yenye kipande cha ngozi kilichokunjwa mfano wa kikombe. Droo ikivutwa, kingo za ngozi zinalegea na hewa inapita huru. Droo ikisukumwa, kingo zinatanuka na kushika ukuta wa silinda, hewa inafungiwa, na njia pekee ya kutoka ni tundu dogo alilotoboa kwa msumari wa kiatu. Kwa hiyo droo inaingia taratibu ikiegemea mto wa hewa. Ngozi alikuwa akiokota mabaki yake kwenye lango la kiwanda cha ngozi.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mke wangu. Na yeye aliniambia nimalize kazi ya watu niwache mchezo."

Nilimwambia asipeleke kabati zile Ruiru kabla ya ombi lake kuwasilishwa, kwa sababu kitu kikishatumiwa mbele ya watu sheria haikihesabu tena kuwa kipya. Alingoja. Sista alituma watu mara mbili kumgombeza, naye akangoja, kwa sababu mimi ndiye niliyesema. Mwalimu mmoja wa fizikia wa shule ya sekondari alimsaidia kuandika maelezo na madai kwa Kiingereza, na michoro aliichora mwenyewe, safi kuliko mingi niliyokuja kuiona baadaye. Siku aliyopata risiti ya ombi alikuja ofisini kunionyesha. Alikuwa ameifunga kwa karatasi ya plastiki isilowe.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Nairobi, ofisi ya hataza, kuwa mkaguzi. Nilikuwa nimeolewa Gitothua, Ruiru, kwa hiyo nilikuwa nikienda mjini asubuhi na kurudi jioni. Msimamizi wetu alikuwa Mkuu wa Ukaguzi, mtu nadhifu aliyenyoosha kila karatasi kwa kiganja kabla ya kuisoma. Alikuwa amesomea kazi hiyo ng'ambo na aliipenda kweli. Sitaki mumfikirie vibaya. Nilichojua juu ya kazi ile, mengi alinifundisha yeye.

Alinifundisha kwamba mkaguzi anauliza maswali matatu. Je, kitu hiki ni kipya duniani kote? Je, kinapita kile ambacho fundi yeyote wa kawaida angekifikiria? Je, kinaweza kutengenezwa na kutumika? Ili kujibu swali la kwanza tulipekua hati za nchi nyingine, nyingine za karatasi, nyingine za filamu ndogo zilizosomwa kwa mashine yenye taa. Nyingi zilikuwa kwa lugha tusizozijua, tukategemea muhtasari wa mistari michache uliobandikwa juu yake kwa Kiingereza.

Alinifundisha pia kusoma madai. Madai ndiyo roho ya ombi. Dai la kwanza ni kama ua mpana unaozunguka shamba zima. Dai la pili ni ua mdogo ndani ya ule mkubwa, la tatu mdogo zaidi, na kuendelea. Mvumbuzi huanza kwa kuomba shamba kubwa. Mkaguzi akigundua kwamba ua wa nje umeingia katika ardhi ambayo tayari ina mwenyewe, haondoki. Anaingia ndani kuutazama ua unaofuata, kwa sababu huenda huko ndani ndiko kuna kitu ambacho ni cha huyo mtu peke yake.

Nilikuwa nikiyajua hayo yote siku faili ya Swaleh ilipofika mezani kwangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Ukaguzi. "Bwana, huyu mwombaji namfahamu. Mimi ndiye niliyemshauri aombe, nikiwa Thika."

Alinyoosha jalada la faili kwa kiganja. "Njeri, hapa wakaguzi wa mitambo wako wangapi?"

"Mimi peke yangu."

"Basi mimi nimpe nani? Mtu wa kemikali? Kagua. Lakini usiniletee hadithi kwamba ni rafiki yako ndio ukampitishia."

Maneno yale yaliniingia vibaya. Nilikuwa mgeni katika ofisi ya wanaume, na niliogopa kuonekana mwanamke anayesaidia watu wake. Nikaamua kumkagua Swaleh kwa ukali ambao sikuwa nimemkagua nao mtu mwingine yeyote. Nilipekua kwa wiki nzima. Siku ya mwisho nikaipata: hati ya zamani kutoka Ulaya, reli ya droo yenye kifaa cha kupunguza mwendo mwishoni. Mchoro ulikuwa na reli, droo, na kitu cheusi kando ya reli. Muhtasari ulikuwa wa mistari minne. Hati yenyewe ilikuwa kwa Kijerumani.

Naona aibu kusema nilifurahi, lakini nilifurahi. Nilikuwa nimethibitisha kwamba sipendelei. Dai la kwanza la Swaleh lilisema tu, reli ya droo yenye kifaa cha kupunguza mwendo inapokaribia kufunga, na kweli dai hilo lilikuwa limekwisha kutanguliwa. Dai la pili lilitaja silinda. Dai la tatu lilieleza ile ngozi ya kikombe, inayoachia hewa droo inapovutwa na kuifunga inaposukumwa. Sikuyapima hayo mawili. Nilitazama kile kitu cheusi katika mchoro wa Mjerumani, nikasema moyoni kwamba hiyo ni silinda, nikaandika sentensi moja: Madai yote hayana upya. Nikatia sahihi. Mkuu wa Ukaguzi aliisoma, akanipongeza kwa upekuzi mzuri.

Wiki mbili baadaye Swaleh alikuja Nairobi akiwa amebeba droo begani. Alikuwa amepanda nayo ngazi zote, lifti ilikuwa imekufa. Aliiweka juu ya meza ya mapokezi pamoja na kipande cha reli, na makarani wakakusanyika. Mkuu wa Ukaguzi alitoka ofisini kwake kusikia kelele.

"Hiki ni nini?"

"Ni droo yangu, mzee. Mumeniandikia ati si yangu. Nimekuja muione."

"Bwana, sisi tunakagua karatasi. Hatukagui droo."

"Lakini ukiivuta tu hivi, mzee, ukiivuta tu utaona..."

"Jibu kwa maandishi. Barua imekueleza muda."

Swaleh alinigeukia. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kofia imeloa. "Madam, wewe unaijua hii. Wewe uliivuta."

Makarani wote walinitazama. Mkuu wa Ukaguzi alinitazama. Nilisema, "Fundi, jibu kwa maandishi. Una miezi mitatu."

"Nijibu nini? Kama kuna mtu Ulaya alinitangulia, nijibu nini?"

Ningeweza kumwambia maneno manne tu: jibu juu ya ngozi. Haikuwa siri wala hongo. Ni wajibu wa mkaguzi kumwonyesha mwombaji sehemu ambayo bado inaweza kuokolewa. Badala yake nilimwambia atafute wakili. Aliinua droo yake, akaiweka begani, na akashuka. Hakuandika jibu. Kwa akili yake alikuwa ameshajibu, alikuwa amekuja mwenyewe na ushahidi mkononi. Muda ulipokwisha nilipiga muhuri juu ya jalada kwamba ombi limeachwa, na faili ikaenda chini kwenye chumba cha kumbukumbu.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa katika ile kliniki ya Ruiru. Ilikuwa karibu na nyumbani, na sikuwa nimefikiria chochote zaidi ya hapo. Asubuhi ya siku ya pili nilikuwa nimelala kitandani, mtoto kifuani, jua limeingia dirishani. Nesi alikuja kwenye kabati iliyokuwa karibu na miguu yangu. Mkono mmoja alikuwa ameshika trei ya dawa. Kwa mkono wa pili aliivuta droo kwa kidole kimoja, akachukua pamba, akaisukuma kwa kiuno bila kutazama, akaondoka. Ile droo ikapumua, ikafunga. Watoto wanane walikuwa wamelala na hakuna aliyestuka.

Nililala pale nikiitazama. Nesi mwingine akaja, akavuta kwa kidole, akasukuma kwa kiuno. Na ndipo swali likanijia, swali ambalo lingepaswa kunijia mezani: yule Mjerumani, droo yake ilikuwa inavutika hivi?

Niliporudi kazini baada ya likizo ya uzazi, niliomba tafsiri kamili ya hati ile. Ilichukua muda kufika. Kile kitu cheusi katika mchoro hakikuwa silinda. Kilikuwa kipande cha raba kilichobanwa dhidi ya reli, kinachokwaruza droo ikienda na kuikwaruza ikirudi. Hati yenyewe ilikiri mwishoni kwamba droo inakuwa ngumu kidogo kufungua. Hakukuwa na hewa, wala ngozi, wala kitu kinachoachia upande mmoja na kushika upande mwingine. Nikaitoa faili ya Swaleh kwenye kumbukumbu, nikasoma dai la tatu neno kwa neno kwa mara ya kwanza. Pengine mtu angebisha kwamba ngozi ya pampu kila mtu anaijua. Lakini hapakuwa na hati yoyote iliyokuwa imeipeleka kwenye reli ya droo. Ningekuwa nimemwandikia, futa dai la kwanza, na la pili pia kwa kuwa silinda tupu fundi yeyote angeifikiria, anza na la tatu, angepata hataza yake.

Nilizipeleka hati zote mbili kwa Mkuu wa Ukaguzi. Alizisoma kwa muda mrefu, kiganja juu ya karatasi.

"Uko sawa," alisema hatimaye. "Ulikosea."

"Tufanye nini, bwana?"

"Sheria ilimpa siku za kujibu na siku za kukata rufaa. Zote zimepita. Mimi siwezi kuzirudisha, na Mkurugenzi hawezi."

"Akiomba upya?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenikemea. "Njeri, ombi lake lilichapishwa. Hati ya kwanza utakayoipata ukimpekua tena itakuwa yake mwenyewe."

Nilikwenda Thika wiki ile ile. Banda la nyuma ya Majengo lilikuwa limefungwa, muuza makaa ameshaweka magunia yake mbele ya mlango. Aliniambia Swaleh ameandikwa kazi katika kiwanda kimoja cha samani upande wa viwandani. Nilisimama langoni saa ya chakula cha mchana. Alitoka na wenzake, amevaa ovaroli ya buluu, akanitambua, akaja.

Kiwanda kile kilikuwa kinatengeneza kabati za ofisi zenye droo zisizo na kishindo. Meneja alikuwa amekuja bandani kwake zamani, akaiona droo yake, akaitamani. Alipopata habari kwamba ombi limeachwa, hakuhitaji ruhusa ya mtu. Alichohitaji ni mtu wa kukata ngozi, kwa sababu vijana wake walikuwa wakizikata zinapasuka. Akamwandika Swaleh. Mvumbuzi alikuwa anakaa kwenye mstari wa kazi, akikata vikombe vya ngozi kutoka asubuhi hadi jioni.

"Si mbaya," aliniambia tukiwa tumekaa kwenye ukuta mfupi nje ya lango. "Kazi ni ya ndani, hainyeshewi. Na wale wanajua ilikuwa ya mzungu, kwa hivyo hakuna mtu ananicheka."

"Haikuwa ya mzungu," nikamwambia.

Nilimweleza yote. Nilimweleza juu ya raba, juu ya dai la tatu, juu ya sentensi yangu moja. Nilimweleza kwamba haiwezi kurudi. Alisikiliza akiitazama mikono yake, iliyokuwa na rangi ya ngozi mpaka kwenye kucha. King'ora kilipolia cha kurudi kazini hakusimama mara moja.

"Unasema ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako."

"Niandikie hiyo. Na uje unisomee nyumbani, watoto wakiwa hapo. Wao ndio waliniona nikirudi na droo."

Mtumishi wa serikali haandiki barua kama ile bila ruhusa. Nilijua nikiomba ruhusa nitanyimwa, kwa sababu karatasi inayokiri kosa inaweza kufika mahakamani. Niliiandika kwa mkono, kwa Kiswahili, nikaweka jina langu na cheo changu. Jumapili nikaenda Majengo baada ya sala ya adhuhuri.

Sebule ilikuwa imejaa. Mkewe, Bi Mariamu, alikuwa amekaa karibu na mlango. Watoto wao wanne walikuwa wamevaa nguo za sikukuu, na jirani wawili watatu wameitwa. Nilisimama katikati nikasoma. Nilisoma kwamba mimi, mkaguzi, sikupima dai la tatu. Nilisoma kwamba kifaa kile kilivumbuliwa na Swaleh na hakuna hati yoyote niliyoipata iliyomtangulia. Nilipomaliza, Swaleh aliichukua barua, akaipitisha kwa watoto, kila mmoja akaishika.

Bi Mariamu ndiye aliyeuliza. "Sasa itakuwaje?"

"Haitarudi, mama. Muda umepita."

"Hakuna kitu atapewa?"

"Hakuna."

Alinitazama bila hasira, na kwa sauti ya chini akaniambia, "Tulikuwa tumezoea. Tulijua alijaribu akashindwa, yakaisha. Sasa umekuja kutuambia alishinda na akanyang'anywa. Mimi nitakaa na hiyo vipi, madam? Ungetuacha."

"Mariamu," Swaleh alimwita.

"Niache niseme. Ameleta hii mzigo kwetu ndiyo yeye alale."

Alichosema kilikuwa na ukweli. Nilikwenda pale kwa ajili ya Swaleh, lakini pia nilikwenda kwa ajili yangu, na nilitoka nikiwa mwepesi kidogo na kuwaacha wao wakiwa wazito zaidi.

Habari za barua zilifika ofisini. Mkurugenzi aliniita, akanisomea kanuni za utumishi, akanipa barua ya onyo. Mkuu wa Ukaguzi alinitetea nisifukuzwe. Nilihamishiwa kitengo cha alama za biashara, ambako niliimaliza miaka yangu mingi ya kazi nikilinganisha nembo za sabuni na picha za jogoo kwenye pakiti za unga. Ni kazi ya heshima, na niliifanya vizuri. Mvua zile kubwa za Elnino zilipokata barabara tukakaa siku nyingi bila kwenda Nairobi, nilikaa Gitothua nikifikiria kwamba sijui kama ningerudi kwenye hataza hata kama wangeniita.

Reli za ngozi hazikudumu. Baada ya miaka michache reli za chuma zenye mafuta ndani zilianza kuingia kutoka nje, nzuri zaidi, na kiwanda kikaacha kukata ngozi. Swaleh akahamishwa kwenye rangi, na rangi ndiyo iliyomharibu kifua.

Nilipostaafu waliniandalia chai na keki, wakasema maneno mazuri. Wakaguzi vijana waliniomba ushauri. Niliwaambia wasome kila dai hadi la mwisho, na kwamba hofu ya kuonekana mwenye upendeleo nayo ni upendeleo, unaomwonea yule unayemjua. Waliandika kwenye simu zao. Sijui kama walinielewa. Mimi mwenyewe nilielewa kwa gharama ya mtu mwingine.

Mwezi ule ule nilikwenda Majengo. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Swaleh hatoki tena nje. Bi Mariamu alinifungulia mlango. Alikuwa amezeeka, na mimi pia. Hakunikumbatia wala hakunifukuza. Alisema tu, "Yuko ndani, ameamka," akaenda kuweka chai.

Alikuwa ameegemea mito, anapumua kwa shida. Tuliongea juu ya watoto, nani yuko wapi, nani ameoa. Halafu, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, akaniambia:

"Unajua nilikuwa na ingine mbili."

"Mbili gani?"

"Za kuvumbua. Wakati ule ule wa droo. Nilikuwa nataka hiyo ikipita, nilete hizo. Lakini barua yenu ilipokuja nikasema, pengine hizo pia kuna mtu amezifanya. Nikawacha."

Nilivuta stuli karibu na kitanda. Nilimwambia aniambie, niandike, bado nina watu ofisini, bado kuna wakati. Nilikuwa nimeshatoa kalamu kwenye mkoba.

Alifumba macho. Bi Mariamu alikuwa amesimama mlangoni na birika, naye anangoja.

"Moja ilikuwa ya mlango," alisema Swaleh. "Mlango, sijui, ukiwa... kulikuwa na chuma hivi, inazunguka." Aliinua mkono, vidole vikatafuta umbo hewani, vikasimama. Kisha akaushusha mkono juu ya blanketi.

"Imeenda," alisema. "Na ile ingine siioni kabisa."

"Pumzika," nikamwambia. "Labda itarudi."

"Labda."

Nilikwenda tena mara nne kabla hajafariki, kila mara na kalamu. Hatukuizungumzia. Alikuwa akiniangalia nikikaa, anatikisa kichwa polepole, na mimi nairudisha kalamu mkobani, tunakunywa chai.